Arthur Ashe: Mtoto mwoga wa bustani aliyeishia kutawazwa Wimbledon

MTOTO mwembamba wa miaka saba alizoea kusimama kando ya uwanja akimtazama kijana mmoja akirusha mipira hewani na kuipiga kwa raketi kuvuka wavu, mmoja baada ya mwingine, bila mpinzani upande wa pili. Mtoto huyo hakuthubutu kusema lolote. Alikuwa na haya, miguu yake ilikuwa myembamba mno hata wenzake wakamtania kwa ajili yake, na miezi michache tu iliyokuwa imepita alikuwa amemzika mama yake. Siku moja kijana yule aliacha kupiga mipira, akamgeukia na kumuuliza iwapo angependa kujifunza. Mtoto akakubali.

Huo ulikuwa mwaka wa 1950, katika jiji la Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Kijana aliyekuwa akifanya mazoezi ni Ron Charity, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia Union na mchezaji hodari zaidi wa tenisi miongoni mwa Weusi wa jiji hilo. Mtoto ni Arthur Ashe, ambaye miaka 25 baadaye angekuwa mwanamume wa kwanza Mweusi kutwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja katika mashindano ya Wimbledon.

Arthur Robert Ashe alizaliwa Julai 10, 1943. Babake, ambaye pia aliitwa Arthur, hakuwa na elimu kubwa lakini alikuwa fundi wa kila kazi. Mwaka wa 1947 aliajiriwa na jiji kuwa mlinzi na msimamizi wa Brook Field, bustani kubwa ya michezo iliyotengewa Weusi. Pamoja na kazi hiyo alipewa nyumba ndogo katikati ya bustani. Hivyo basi, wakati watoto wengine Weusi wa Richmond walitembea mwendo mrefu kutafuta mahali pa kuchezea, Arthur alifungua mlango asubuhi na kujikuta mbele ya kidimbwi cha kuogelea, viwanja vya besiboli na viwanja vinne vya tenisi. Ni bahati ya ajabu iliyotokana na sheria mbovu, kwani bustani hiyo isingekuwapo kama Weusi wangeruhusiwa kuingia katika bustani za Wazungu.

Mamake, Mattie, ndiye aliyemfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Machi 1950 alilazwa hospitalini akiwa mjamzito, na hakurudi. Alikuwa na umri wa miaka 27. Arthur alimwona mara ya mwisho akiwa amesimama mlangoni na vazi lake la buluu, na picha hiyo aliibeba maisha yake yote. Babake aliporejea kutoka hospitalini aliwakumbatia wanawe wawili, Arthur na nduguye mdogo Johnnie, akalia mbele yao. Baada ya hapo hawakumwona akitoa machozi kwa miaka mingi.

Mzee Ashe aliwalea watoto hao kwa nidhamu kali. Aliandamana na Arthur kutoka shuleni hadi nyumbani kwa hatua za mtoto, akahesabu dakika zilizotumika, kisha akamwagiza awe nyumbani kwa muda huo huo kila siku, bila kuchelewa. Alimkataza kucheza kandanda ya Kimarekani kwa sababu mwili wake ulikuwa dhaifu. Huenda mtu akadhani huo ulikuwa ukali uliopitiliza. Hata hivyo, katika Virginia ya miaka hiyo, mtoto Mweusi aliyepatikana mahali pasipomhusu angeweza kuingia matatani bila kosa lolote, na mzee huyo alilijua jambo hilo vyema.

Ndiyo maana tenisi ilimfaa. Ilichezwa hatua chache kutoka mlangoni, haikuhitaji kugongana na mtu, na mtoto mpole angeweza kuicheza bila kupiga kelele. Raketi ilikaribia kumzidi yeye mwenyewe. Charity alimfundisha namna ya kuishika, jinsi ya kusimama na namna ya kugeuza bega kabla ya kupiga. Mwanzoni mipira iliruka kila upande. Lakini Arthur alikuwa na kitu ambacho walimu hupenda kukiona kwa mwanafunzi: aliporudi siku ya pili alikuwa hajasahau alichoambiwa siku ya kwanza.

Ilipofika mwaka wa 1953 Charity alitambua kwamba hana tena la kumfundisha. Alimpeleka kwa Dkt Robert Walter Johnson katika mji wa Lynchburg, magharibi mwa Richmond.

Johnson alikuwa tabibu Mweusi ambaye katika ujana wake alivuma katika kandanda ya Kimarekani, kisha akaipenda tenisi akiwa mtu mzima. Alijenga uwanja nyuma ya nyumba yake na kila mwaka, shule zilipofungwa, aliwaalika watoto Weusi kukaa kwake na kufunzwa, akigharimia mengi kutoka mfukoni mwake. Tayari alikuwa amemsaidia Althea Gibson, mwanamke ambaye angeshinda Wimbledon mwaka wa 1957 na 1958. Kilichomchochea kilikuwa kidonda cha zamani. Mashindano ya taifa ya shule za upili yalikuwa yakichezwa Charlottesville, si mbali na kwake, bila kumjumuisha mtoto hata mmoja Mweusi. Alipopigania nafasi na kuipata, mwaka wa 1951, vijana wawili aliowapeleka walibanduliwa vibaya. Tangu siku hiyo Dkt Johnson aliapa kumtafuta mtoto ambaye angekuja kulitwaa taji hilo.

Watu wengi waliomwona Ashe akiwasili Lynchburg akiwa na miaka 10 hawakudhani ndiye. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, na mwembamba kuliko wote. Isitoshe, nusura afukuzwe katika siku zake za mwanzo. Mwana wa daktari, aliyesaidia kufundisha, alimwelekeza kubadilisha namna ya kushika raketi. Arthur alikataa, akisema si hivyo alivyofundishwa na Charity. Si rahisi kujua kama huo ulikuwa ukaidi au ni woga wa mtoto anayeng'ang'ania kitu kimoja anachokijua katika nyumba ya wageni. Dkt Johnson hakubishana naye. Alimpigia simu babake. Mzee Ashe akaendesha gari hadi Lynchburg, akamweleza mwanawe kwamba kuanzia wakati huo mwalimu ni Dkt Johnson na litakalosemwa na daktari ndilo litakalofanywa. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi tena.

Maisha ya hapo yalikuwa ya kambi. Watoto walipalilia bustani ya waridi, waliwalisha mbwa na kulitandaza vumbi la uwanja kabla ya kucheza. Ili macho yao yazoee kuufuata mpira, walipewa mpini wa ufagio badala ya raketi na kutakiwa kuupiga mpira kwa huo. Mtu akishaweza kuupiga mpira kwa mpini wa ufagio, raketi huonekana pana kama ungo. Mezani walifundishwa kutumia uma na kisu, kuomba chakula kwa adabu na kunyamaza wakati wakubwa wanazungumza.

Lakini somo lililokuwa kubwa kuliko yote lilihusu mstari. Dkt Johnson aliwaamuru kwamba mpira wa mpinzani ukianguka nje ya mstari kwa upana wa vidole viwili au chini ya hapo, wauhesabu kuwa umeingia na waurudishe. Kamwe wasimlalamikie refa. Wasitupe raketi, wasikunje uso. Wakati wa kubadilishana upande, wamwokotee mpinzani mipira na kumkabidhi. Sababu haikuwa ukarimu tu. Daktari alijua kwamba kuna maafisa waliokuwa wakisubiri kosa moja la mtoto Mweusi ili wawe na kisingizio cha kuwafungia mlango wote.

Mtoto aliyekuja na haya akafundishwa kuigeuza haya hiyo kuwa ngao. Uso wa Ashe ukawa haumwambii mtu chochote, na wapinzani waliokuja kuchuana naye katika miaka iliyofuata walisumbuliwa na utulivu huo kuliko mapigo yake. Swali ambalo wasifu wake haliwezi kuliepuka ni gharama ya ngao hiyo kwa mtoto. Yeye mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alikiri kwamba kulikuwa na hasira nyingi aliyoimeza.

Aliimeza hasa Richmond. Huko nyumbani, mashindano ya vijana yalichezwa katika bustani ya Byrd, ya Wazungu, na alipotaka kujiandikisha alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alisoma katika Shule ya Upili ya Maggie Walker, ya Weusi peke yao, ambako alipuliza tarumbeta na kufanya vyema masomoni. Mwaka wa 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeharamisha ubaguzi katika shule za umma, lakini viongozi wa Virginia waliapa kupinga. Katika wilaya ya Prince Edward, shule zote za umma zilifungwa kuanzia 1959 hadi 1964 ili watoto wa rangi mbili wasikae darasa moja. Kijana mwenye kipaji katika jimbo la namna hiyo alikuwa na njia moja tu, kuondoka.

Majira ya baridi yaliongeza tatizo. Viwanja vya ndani vya Richmond vilikuwa vya Wazungu pekee, na mchezaji anayelala miezi mitano kwa mwaka hawezi kushindana na wale wanaocheza mwaka mzima jimboni California. Mwaka wa 1960 Dkt Johnson alipanga Ashe ahamie St. Louis, Missouri, akakae na mwalimu Richard Hudlin na kumalizia masomo katika Shule ya Upili ya Sumner. Ashe hakuufurahia mji huo wala sheria za nyumba hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 17, mbali na babake na Johnnie, na ratiba yake ilikuwa vitabu, mazoezi na kulala. Hata hivyo alicheza ndani, juu ya sakafu ya mbao ambako mpira huteleza kwa kasi, na huko ndiko mchezo wake ulikobadilika. Kutoka mchezaji wa kungoja makosa ya mwenzake akawa mwenye kuanzisha mpira kwa nguvu na kuukimbilia wavu.

Mwaka wa 1961 alipelekwa Charlottesville, katika mashindano yale yale ya shule za upili ambayo vijana wa Dkt Johnson walikuwa wameaibishwa miaka 10 iliyotangulia. Alishinda. Hapakuwa na umati mkubwa wala pesa, na wasomaji wengi wa historia ya tenisi hulipita taji hilo haraka wakielekea Wimbledon. Kwa daktari wa Lynchburg, hakuna taji lililokuwa kubwa kuliko hilo.

Milango ilianza kufunguka. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilimpa ufadhili wa masomo. Mwaka wa 1963 akawa mchezaji wa kwanza Mweusi kuteuliwa katika timu ya Marekani ya Davis Cup, na mwaka wa 1965 akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Alihitimu mwaka wa 1966 katika masomo ya usimamizi wa biashara, kisha akajiunga na jeshi kwa miaka miwili, akafikia cheo cha luteni. Nduguye Johnnie alikuwa mwanajeshi wa majini, na tayari alikuwa amehudumu katika vita vya Vietnam. Alijitolea kurudi huko kwa awamu ya pili ili Arthur asipelekwe. Ni deni ambalo halionekani katika orodha yoyote ya mataji.

Septemba 1968, katika mashindano ya kwanza ya US Open kuruhusu wachezaji wa kulipwa, Luteni Ashe alimshinda Mholanzi Tom Okker kwa seti tano kwenye fainali huko Forest Hills, New York. Kwa kuwa bado alikuwa mchezaji wa ridhaa, zawadi ya dola 14,000 ilimwendea Okker aliyeshindwa, naye bingwa akapewa posho ya dola 20 kwa siku. Mzee Ashe aliitwa uwanjani wakati wa kukabidhi kombe. Alimkumbatia mwanawe na kulia mbele ya maelfu ya watu.

Mwaka wa 1970 alishinda taji la Australia. Mwaka huo huo alizuru Afrika pamoja na mwenzake Stan Smith, wakicheza michezo ya maonyesho na kuzungumza na vijana. Ziara hiyo iliwaleta Kenya, Tanzania na Uganda, kisha Zambia, Nigeria na Ghana. Alirudi barani mwaka wa 1971, na huko Yaounde, Cameroon, akacheza na mtoto wa miaka 11 aliyeitwa Yannick Noah. Ashe alimwachia raketi yake, kisha akawaarifu wakuu wa tenisi nchini Ufaransa kuhusu kipaji hicho. Noah alichukuliwa kwenda kufunzwa Nice, na mwaka wa 1983 akawa bingwa wa French Open. Kile Charity alichomfanyia Brook Field, naye alikuwa amekifanya Yaounde.

Afrika Kusini ilikuwa mtihani mwingine. Serikali ya Makaburu ilimnyima viza mara kadhaa kabla ya kumruhusu mwaka wa 1973. Ashe alisisitiza kwamba hatacheza Ellis Park, Johannesburg, iwapo watazamaji watatenganishwa kwa rangi. Aliposhindwa na Jimmy Connors katika fainali ya mchezaji mmoja mmoja, alitwaa taji la wachezaji wawili wawili akiwa na Okker, yule yule wa Forest Hills. Baadhi ya Weusi walimlaumu vikali, wakisema kwamba kuwapo kwake kuliipamba serikali dhalimu. Lawama hizo hazikuwa za kipuuzi, na yeye hakuzipuuza. Lakini miongoni mwa waliokwenda kumtazama alikuwamo kijana wa mtaa wa Alexandra, Mark Mathabane, ambaye hakuwa amewahi kumwona mtu Mweusi akizungumza na Wazungu bila hofu. Mathabane aliishikilia tenisi, na mwaka wa 1978, kwa msaada wa Stan Smith, akapata ufadhili wa kwenda kusoma Marekani.

Julai 5, 1975, Ashe alikutana na Connors tena, safari hii kwenye fainali ya Wimbledon. Connors alikuwa na umri wa miaka 22, bingwa mtetezi, na ni wachache waliompa Ashe, mwenye miaka 31, nafasi yoyote. Connors aliishi kwa kasi ya mpinzani wake: kadiri ulivyompigia kwa nguvu ndivyo alivyokurudishia kwa nguvu zaidi. Ashe aliamua kumnyima kasi hiyo. Mtu ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa mapigo mazito alianza kupiga mipira laini, ya chini, mingine mirefu ya kupita juu ya kichwa. Kila walipobadilishana upande aliketi na kufumba macho, uso ukiwa umetulia kabisa. Alishinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Mpira wa mwisho ulipopita alimgeukia mtu mmoja katika watazamaji na kuinua ngumi, kisha utulivu ukamrudia.

Mwaka huo huo, Stockholm, alionyesha kwamba ngao ile ilikuwa na mwisho wake. Mromania Ilie Nastase alichelewesha mchezo na kumchokoza hadi Ashe akakusanya raketi zake na kuondoka uwanjani, ilhali alikuwa akielekea kushinda. Wakuu wa mashindano baadaye walimpa ushindi.

Mwaka wa 1977 alimwoa mpigapicha Jeanne Moutoussamy. Julai 1979, akiwa na umri wa miaka 36 tu, alipatwa na mshtuko wa moyo, akapasuliwa mwishoni mwa mwaka huo na kustaafu mwaka uliofuata. Upasuaji wa pili wa moyo ulifanywa mwaka wa 1983, wakati hospitali za Marekani zilikuwa hazina kipimo cha virusi vya Ukimwi katika damu. Mwaka wa 1988 mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, na katika kutafuta chanzo madaktari waligundua kwamba alikuwa ameambukizwa, kupitia damu aliyoongezewa. Binti yao, Camera, hakuwa ametimiza miaka miwili.

Aliitunza siri hiyo pamoja na mkewe na marafiki wachache. Katika mwaka huo huo alichapisha historia ya wanamichezo Weusi wa Marekani katika juzuu tatu, kazi aliyoifanya kwa miaka kadhaa na kuigharimia kwa kiasi kikubwa yeye mwenyewe. Aprili 1992 gazeti moja la Marekani lilipata fununu na kumtaka athibitishe. Ashe aliitisha mkutano wa wanahabari na kujitangaza mwenyewe kabla habari haijachapishwa. Alipofika mahali pa kusoma maneno kuhusu bintiye sauti ilikatika, na mkewe akamsomea. Mjadala kuhusu haki ya gazeti kuingilia ugonjwa wa mtu umeendelea katika vyuo vya uanahabari hadi leo.

Miezi iliyobaki aliitumia kazini. Alianzisha wakfu wa kupambana na Ukimwi, na Septemba 1992 alikamatwa mbele ya ikulu ya Washington akipinga jinsi wakimbizi wa Haiti walivyotendewa. Alifariki New York mnamo Februari 6, 1993, akiwa na miaka 49. Jeneza lake liliwekwa katika makazi ya gavana wa Virginia, jimbo lile lile lililomfungia viwanja vyake, na maelfu ya watu wakapanga foleni kwenye baridi kumuaga. Gavana wakati huo alikuwa Douglas Wilder, mwana wa Richmond, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana nchini Marekani. Ashe alizikwa katika makaburi ya Woodland, kando ya mamake.

Uwanja mkuu wa US Open mjini New York ulipewa jina lake mwaka wa 1997. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Richmond ilikuwa imesimamisha sanamu yake katika barabara ya Monument, akiwa ameinua vitabu na raketi huku watoto wakimzunguka. Sanamu nyingine barabarani humo zilikuwa za viongozi waliopigana kutetea utumwa, na palikuwa na ubishi mkali iwapo anastahili kukaa nao. Zao ziliondolewa mwaka wa 2020 na 2021, na yake ndiyo iliyosalia. Brook Field yenyewe haipo tena. Mahali ambapo palikuwa na nyumba ya mlinzi na viwanja vinne vya tenisi pamejengwa posta.